Nywele zimepandwa Istanbul, kichwa kinaoshwa Kariakoo

Safari ya kwenda kupandikizwa nywele imekuwa fupi. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere mtu hupanda ndege moja tu mpaka Istanbul, jiji ambalo limejijengea jina la kuwa soko kubwa la upasuaji huu duniani. Anaingia kliniki asubuhi na kutoka jioni akiwa na matundu madogo kwa maelfu kichwani. Siku moja au mbili baadaye wauguzi humwosha kichwa kwa mara ya kwanza, humkabidhi mfuko wenye chupa ya shampuu, vidonge vya maumivu na karatasi ya maelekezo, kisha humtakia safari njema. Ndani ya wiki hiyohiyo amerudi Dar es Salaam na vigaga bado vimejaa utosini. Kuanzia hapo aliyempasua yuko ng'ambo, na wanaojibu maswali yake ni muuzaji wa vipodozi wa Kariakoo, kinyozi wake wa siku zote, na rafiki aliyetangulia kwenda. Kichwa kikianza kuwasha, wote watatu humpa jibu moja: tafuta shampuu ya dawa.

Hoja ya makala haya ni kwamba jibu hilo limeruka hatua. Shampuu ya dawa ni dawa kwa maana kamili: ina ugonjwa wake, wakati wake na kipimo chake, na anayeitoa anapaswa kuwa mtu anayeweza kuulizwa kwa nini aliitoa. Kwa aliyetoka kupandikizwa nywele, siku kumi za mwanzo zinataka maji safi na mkono mwepesi kuliko zinavyotaka dawa. Baada ya hapo dawa inaweza kumfaa sana, ila kwa sababu iliyotajwa na mtu aliyekiona kichwa chenyewe. Udhaifu mkubwa wa biashara hii, kwa upande wetu, hauko kwenye kisu cha Istanbul. Uko kwenye rafu za katikati ya jiji letu, ambako chupa yenye dawa ya fangasi husimama bega kwa bega na rangi ya nywele na mafuta ya mgando, na muuzaji wa vyote ni mmoja.

Siku kumi za mkono mwepesi

Upasuaji wenyewe si wa jana. Mwaka 1939 daktari wa Japani, Shoji Okuda, alichapisha maelezo ya namna alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwenda kwenye sehemu zilizokosa nywele kwa sababu ya makovu. Vita vya Pili vya Dunia vikaifunika kazi yake. Mwaka 1952 Norman Orentreich wa New York aliitumia mbinu ya namna hiyo kwa mwanamume mwenye upara wa kurithi, na mwaka 1959 akaeleza kanuni ambayo taaluma nzima imejengwa juu yake: nywele zilizotolewa kisogoni huendelea na tabia ya kisogoni hata zikihamishiwa utosini. Kwa kuwa nywele za kisogo hazidhuriki kirahisi na homoni inayoleta upara, zikihamishwa hubaki. Mbinu inayotumika zaidi leo huchukua vifuko vya nywele kimoja kimoja kwa kifaa chenye ncha ya duara isiyozidi takriban milimita moja, na kikao kimoja kinaweza kuhamisha vifuko 2,000 au 3,000. Kila kimoja huacha kidonda kidogo kilikotoka, na kingine kinakoingia.

Kichwa cha Mwafrika huongeza mambo mawili. La kwanza ni umbo la mzizi. Nywele za kipilipili hazianzi kujikunja zikishatoka nje. Mzizi wenyewe umepinda chini ya ngozi, na mpasuaji asiyeuzoea huukata katikati anapoutoa. La pili ni makovu. Watu wenye asili ya Afrika huota keloidi kwa urahisi zaidi, yale makovu yanayovimba na kupita mipaka ya kidonda. Kwa mtu wa namna hiyo, kila kinachorefusha uvimbe, iwe kukwangua, kusugua au kemikali kali juu ya kidonda kibichi, ni jambo la kuogopwa. Karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa ajili ya wateja wenye nywele laini za Ulaya inaweza isiyataje haya hata kwa mstari mmoja.

Je, ni lini hasa kifuko kilichopandikizwa hushika? Mwaka 2006 madaktari wawili wa Marekani, Robert Bernstein na William Rassman, walichapisha jaribio lililotafuta jibu kwa njia ya moja kwa moja: walivuta nywele zilizopandikizwa na vigaga vyake katika siku mbalimbali baada ya upasuaji. Siku za mwanzo kuvuta unywele kuliweza kukitoa kifuko kizima; kufikia siku ya sita kuvuta unywele peke yake hakukukitoa tena. Kigaga kilichogandamana na unywele kilikuwa na hatari ndefu zaidi, kwa sababu kikibanduliwa kinaondoka na kifuko, na hatari hiyo ilikwisha kufikia siku ya kumi. Fundisho la jaribio hilo ni kwamba adui wa siku hizo ni kigaga kikavu, na kinga yake ni kuosha mapema na kwa upole ili vigaga visijengeke. Kwa hiyo anayeogopa kulowesha kichwa wiki nzima anakosea, na anayekisugua ili kitakate anakosea zaidi.

Hapa vifaa vya nyumbani kwetu vinafaa kuliko vya hotelini. Bomba la mvua lenye nguvu hupiga kichwa kwa kasi isiyotakiwa. Ndoo na kopo humwezesha mtu kumimina maji ya uvuguvugu polepole, kuanzia juu ya paji kuelekea nyuma. Shampuu isiyo kali, ya aina wanayooshewa watoto, huchanganywa na maji kwenye kikombe mpaka itoe povu, povu likawekwa kichwani kwa kugusa na ncha za vidole pasipo kuzungusha, likaachwa dakika chache lilainishe vigaga, kisha likasuuzwa kwa kopo. Kukausha ni kwa kitambaa laini cha pamba kinachobandikwa na kubanduliwa bila kufuta. Maji ya kusuuzia yawe safi. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutegemea visima vyenye maji ya chumvi pale bomba linapokatika. Kwa siku hizo kumi, maji yaliyochemshwa na kupozwa ni gharama ndogo mno ukilinganisha na gharama ya tiketi.

Sasa iweke rafu ya shampuu za dawa mbele ya kichwa hicho na uzitazame moja moja. Yenye asidi ya salisiliki imetengenezwa ili kulainisha na kubandua magamba. Juu ya kigaga cha siku ya nne inafanya kazi hiyohiyo, pasipokuwa na mtu wa kuiambia kwamba hapa hatukutaka. Yenye lami ya makaa ya mawe huifanya ngozi iumizwe na jua haraka zaidi, na jua la Dar es Salaam halisubiri. Yenye seleniamu salfaidi huwasha ngozi iliyochubuka, na maelekezo yake yenyewe huonya isitumike hapo. Ketokonazoli, dawa ya fangasi, ni pole zaidi kuliko hizo, lakini nayo imekusudiwa ngozi nzima; povu lake na viambata vinavyolibeba vinaweza kukausha na kuchoma kidonda kibichi. Ndiyo maana wapasuaji kwa kawaida huiahirisha mpaka ngozi ifunge. Hakuna hata moja katika hizi iliyotengenezwa kuharakisha kushika kwa vifuko.

Dawa ina ugonjwa wake

Ngozi ikishafunga swali linabadilika, na hapa ndipo penye mjadala wa kweli. Kichwa kilichopandikizwa huwasha, na mwasho huo una sababu nyingi zinazofanana kwa nje. Unaweza kuwa wa kupona tu, neva zinaporudi kwenye hali yake. Unaweza kuwa wa ukavu, kwa sababu nywele za kipilipili hazizoei kuoshwa kila siku na mafuta yake ya asili hayafiki mbali. Unaweza kuambatana na vipele vinavyotokea wiki kadhaa baada ya upasuaji, pale nywele changa zinaposhindwa kutoboa ngozi na kujikunja ndani. Vipele hivyo mara nyingi havina kijidudu chochote, na vikiwa nacho huwa ni bakteria. Na unaweza kuwa mba, uliokuwepo kabla ya safari na ukarudi baada yake. Kati ya hayo yote ni mba ndio wenye miadi halali na shampuu ya fangasi. Aliyeinunua kwa mwasho wa ukavu atauongeza ukavu. Aliyeinunua kwa vipele vya bakteria atapoteza wiki mbili za thamani.

Kwa mba wenyewe dawa hii ina sifa za kustahili. Kwenye ngozi ya kila binadamu huishi fangasi wa jamii ya hamira waitwao Malassezia, wanaokula mafuta ya ngozi. Kwa baadhi ya watu mabaki ya mlo huo huichokoza ngozi, nayo hujibu kwa magamba na mwasho. Ketokonazoli, iliyoanza kutumika Marekani kama kidonge mwaka 1981 na baadaye ikawekwa kwenye shampuu, huizuia hamira hiyo kutengeneza utando wa seli zake. Utaratibu wa kawaida ni kuipaka mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne, ikaachwa kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuzwa, kisha mara moja kwa wiki moja au mbili ili mba usirudi. Dakika hizo ndizo kipimo. Anayeipaka na kuisuuza papo hapo kama sabuni ya kuogea ameitupa dawa, na anayeitumia kila siku kwa hamu ya kupona haraka amejinunulia ukavu. Kaunta ya vipodozi haina desturi ya kueleza hayo, kwa kuwa haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Kuna sababu nyingine inayowapeleka wanaume kwenye chupa hii, nayo ni imani kwamba ketokonazoli huotesha nywele. Imani hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanaume wenye upara wa kurithi waliotumia shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 walipata ongezeko fulani la msongamano na unene wa nywele. Lakini utafiti ulikuwa mdogo, na tiba zenye ushahidi mpana kwa upara huo zimebaki kuwa minoksidili ya kupaka na finasteridi ya kumeza, ambazo nazo zina masharti yake. La muhimu zaidi kwa hoja yetu ni hili: nywele zilizopandikizwa zimetoka kisogoni, na kwa kanuni ya Orentreich tayari zina ukinzani dhidi ya homoni ya upara. Kuziosha kwa dawa inayodhaniwa kupambana na homoni hiyo ni kulinda mahali ambapo hapajashambuliwa. Zinazohitaji ulinzi ni zile za asili zilizobaki pembeni, na mpango wa kuzilinda hupangwa kliniki kwa miezi na miaka.

Hofu hukuza biashara hii. Kati ya wiki ya pili na ya sita baada ya upasuaji, nywele nyingi zilizopandikizwa hupukutika. Hilo ni jambo linalotarajiwa: shina huanguka na mzizi hubaki ukipumzika, kisha nywele mpya huanza kuchomoza kwenye mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana baada ya mwaka au zaidi. Asiyeelezwa haya huona pesa yake ikiondoka na maji ya kuogea, akakimbilia chupa yenye maandishi makali kuliko zote. Nywele zitakapoota mwezi wa nne, kama ambavyo zingeota bila chupa, atawaambia wenzake kwamba ni shampuu iliyomwokoa. Hivyo ndivyo ushuhuda wa uongo unavyozaliwa kinywani mwa mtu mkweli.

Rafu hii ni ya nani?

Sheria yetu ina jibu, ingawa historia yake imeacha ukungu. Kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, mamlaka moja, TFDA, ilisimamia vyote vitatu. Mwaka 2019 majukumu yakagawanywa: chakula na vipodozi vikahamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na TFDA ikageuka kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mgawanyo huo una mantiki yake, lakini shampuu ya dawa imeangukia juu ya mstari wenyewe. Kwa chupa yake, povu lake na harufu yake inafanana na kipodozi cha TBS. Kwa kiambata chake na dai lake la kutibu, ni dawa ya TMDA. Bidhaa inayodai kuponya fangasi inapaswa kupimwa kama dawa, kusajiliwa kama dawa na kuuzwa mahali palipopewa kibali cha kuuza dawa, chini ya jicho la Baraza la Famasi. Umbo la chupa halibadilishi hilo.

Kariakoo huufanya mstari huo uwe mgumu kuonekana. Hili ni soko linalolisha nchi na majirani: wafanyabiashara kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro hununua hapa kwa jumla, na ghorofa zinazozunguka Soko Kuu lililobuniwa na msanifu Beda Amuli zimejaa maduka kuanzia chini hadi juu. Mzigo wa vipodozi huingia kwa makasha, huvunjwa kwa katoni, katoni huvunjwa kwa dazeni, na dazeni huishia kwenye meza ya mmachinga kando ya barabara, juani. Katika mnyororo huo boksi la karatasi lenye kikaratasi cha maelekezo ndilo hupotea kwanza. Chupa ikifika kwa mnunuzi, kilichobaki ni jina la biashara mbele na maandishi madogo nyuma, pengine kwa lugha asiyoisoma. Tume ya Ushindani, FCC, imekuwa ikipambana na bidhaa bandia katika soko hili kwa miaka mingi, na vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vilivyopigwa marufuku bado hukamatwa. Soko lenye mwanya wa kupitisha mkorogo lina mwanya wa kupitisha shampuu yenye ketokonazoli iliyoandikwa tu kwenye kibandiko.

Mnunuzi naye ana la kufanya kwa sekunde thelathini. Ageuze chupa. Atafute jina la kiambata na asilimia yake, si jina la biashara peke yake. Atafute namba ya kundi na tarehe ya kuisha, zilizopigwa kwa mashine na zisizofutika kwa kidole. Atafute namba ya usajili wa Tanzania, na kama ana shaka aitafute kwenye rejista ambayo TMDA imeiweka wazi mtandaoni. Chupa inayotaja ugonjwa lakini haitaji kiambata irudishwe kwenye rafu.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kwamba shampuu huoshwa ikaenda na maji, kwa hiyo haiwezi kumdhuru mtu. Kuna ukweli ndani yake. Ketokonazoli ya shampuu huingia mwilini kwa kiasi kidogo mno, na kwa ngozi nzima ni dawa salama. Marekani hata huruhusu ya asilimia 1 iuzwe bila cheti cha daktari, huku ya asilimia 2 ikihitaji cheti. Lakini hatari tunayoizungumzia hapa haiko kwenye sumu; iko kwenye kuchelewa na kukosea. Tena mazoea ya kujitibu hayaishii kwenye chupa. Mwasho usipopungua, hatua inayofuata huwa vidonge vya fangasi ili kuumaliza kwa ndani, na vidonge vya ketokonazoli ni habari nyingine kabisa: mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliviwekea masharti makali kwa sababu ya madhara yake kwenye ini. Hatua nyingine huwa krimu yenye steroidi kali, ambayo hutuliza mwasho kwa wiki moja na kuifanya ngozi iwe nyembamba na dhaifu kwa miezi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: madaktari wa ngozi ni wachache, foleni ni ndefu, na Kariakoo iko karibu. Uchache huo ni wa kweli. Hata hivyo nchi haikukaa mikono mitupu. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa Tanzania na nchi jirani tangu mwaka 1992, wakiwemo matabibu wanaopewa mafunzo maalumu ya ngozi ili wafike ambako daktari bingwa hafiki. Ni hapohapo KCMC ambapo hutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Muhimbili iko Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Na zaidi ya yote, ngazi ya kwanza haihitaji bingwa. Inamhitaji mfamasia, na maduka ya dawa yako mtaa mmoja na maduka ya vipodozi. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulikwisha kuthibitisha kwamba muuzaji aliyepewa mafunzo na orodha ya dawa anaweza kuhudumia jamii vizuri kuliko muuzaji aliyeachwa ajifunzie kwa wateja. Tunachodai hapa ni kuihamisha chupa hatua chache, kutoka kaunta moja kwenda nyingine.

Ya tatu ni hoja ya haki: kwa nini kurasa za gazeti zihangaikie vichwa vya wenye uwezo wa kwenda Istanbul? Jibu ni kwamba chupa ni ileile. Mama wa Ilala huinunua kumtibu mtoto mapunye, wakati mapunye hukaa ndani ya shina la unywele na mzizi wake, mahali ambapo shampuu peke yake haifiki; mtoto anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini, na shampuu kazi yake ni kupunguza kuambukiza wenzake. Kijana mwenye mba mkali usiokoma, uliotapakaa mpaka kwenye nyusi na pembeni mwa pua, anaweza kuwa anapewa ishara ya VVU, na chupa humchelewesha kupima. Mwanamke ambaye nywele za pembeni mwa paji zimekwisha kwa misuko inayobana na mawigi ya gundi huambiwa ana fangasi. Utafiti wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake, uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007, ulikuta upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa kwa karibu theluthi moja ya wanawake waliopimwa. Dawa ya tatizo hilo ni kulegeza msuko mapema, kwani likiachwa hugeuka kovu lisiloota tena. Aliyepandikizwa nywele anatuonyesha kwa uwazi zaidi tatizo linalowagusa wengi wasio na tiketi.

Ya nne hutolewa na wafanyabiashara, kwamba kuwaondolea shampuu hizi ni kuwaondolea mkate. Haki yao ya kuuza kipodozi hakuna anayeigusa. Shampuu ya kawaida, ya mtoto, ya kulainisha nywele, vyote ni vyao. Wanachoulizwa ni kile kisicho chao kwa sheria, tena walichokipata bila mafunzo wala bima ya kuwajibika kama kikienda kombo. Na mfanyabiashara mwaminifu ndiye anayeumia zaidi pale jirani yake anapouza chupa bandia kwa bei ya chini.

Limebaki la wagonjwa wenyewe, nalo ni usiri. Wengi hawapendi ijulikane kwamba walipandikizwa. Huvaa kofia, hurudi kazini na kumwambia kinyozi kwamba waliumwa vipele. Kinyozi asiyejua hupitisha mashine mahali ambapo haikupaswa kupita, akamalizia kwa spiriti. Mfamasia asiyejua hutoa dawa ya ngozi nzima kwa ngozi iliyopasuliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Kwa nywele hakuna kifo, ila kuna kovu, na kovu la keloidi halifichiki kwa kofia.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa uko wazi. Anayekwenda kupandikizwa aonane na daktari wa ngozi wa hapa kabla ya kulipa, kwa sababu mba, mapunye au ugonjwa wa kovu unapaswa kutibiwa kabla ya kisu, na baadhi ya magonjwa hayo huuzuia upasuaji kabisa mpaka yatulie. Aombe kliniki ya nje imwandikie jina la kiambata na siku ya kukianza, ili mfamasia wa Dar es Salaam awe na kitu cha kusoma. Akirudi, aonwe na daktari yuleyule ndani ya wiki mbili. TMDA na TBS, kwa upande wao, watoe tangazo moja la pamoja linalotaja viambata ambavyo vikiwa ndani ya shampuu huigeuza kuwa dawa, kisha wakaguzi wao wapite Kariakoo pamoja, na orodha hiyo mkononi. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hayo. Anayeweza kulipia upasuaji ng'ambo anaweza kulipia kumwona daktari Upanga, na jiji linaloweza kukagua zebaki kwenye krimu linaweza kukagua ketokonazoli kwenye shampuu.